Njia ya Video kwenda Butembo na Beni

Video inayokwama kwenye simu huko Butembo au Beni huwa imepatwa na jambo moja kati ya mawili. Ama njia inayoileta imebanwa na umbali, milima na ukosefu wa umeme, ama kuna aliyeifunga kwa amri. Anayetazama haoni tofauti: duara linazunguka katikati ya kioo, picha haisogei, na mega zinazidi kuliwa. Miji hii miwili ya kaskazini mwa mkoa wa Kivu Kaskazini, Kongo, imeyajua yote mawili, na historia yake ya mawasiliano inaonyesha jinsi amri ilivyoweza kujificha nyuma ya ubovu wa njia.

Butembo ilizoea kujitafutia mawasiliano kabla intaneti haijafika. Katika miaka ya mwisho ya Zaire, jina la Kongo la wakati huo, wafanyabiashara wake, wengi wao wa kabila la Wanande, walikuwa wakiingiza bidhaa kutoka Mombasa kupitia Uganda na forodha ya Kasindi, na wengine walikwisha kusafiri hadi Dubai na Hong Kong kununua wenyewe. Simu za waya za serikali zilikuwa zimekufa. Kampuni ya Telecel, aliyoianzisha Miko Rwayitare mwaka 1986, iliuza simu za mkononi kwa bei ambayo wakubwa na matajiri peke yao waliimudu. Wengine wote walitegemea foni, yaani redio ya mawimbi mafupi: mtu anapanga foleni, anaita mji mwingine, anazungumza kwa zamu, na kila aliye kwenye mawimbi hayo anasikia bei ya mzigo wake na habari za wagonjwa wa nyumbani kwake. Umeme nao ulikuwa hivyohivyo. Shirika la taifa la SNEL halikuwafikia, kwa hiyo wafanyabiashara waliunda kampuni yao, SENOKI, na huku wakingoja matunda yake maduka yaliendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli.

Simu za mkononi za watu wa kawaida zilikuja na miaka ya vita na baada yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Beni ilikuwa makao ya RCD-K/ML, kundi la waasi la Mbusa Nyamwisi, na nchi ilikuwa imegawanyika vipande. Kampuni za Celtel na Vodacom, zilizoanza kazi Kongo katika miaka hiyohiyo, zilisimamisha minara mji kwa mji kadiri amani ilivyoruhusu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010; Orange iliingia nchini kwa kununua kampuni ya CCT mwaka 2011 na kuongeza Tigo mwaka 2016. Majina ya kwenye mabango yalibadilika zaidi kuliko minara yenyewe.

Intaneti ya kwanza ilishuka kutoka angani. Vyuo, mashirika ya misaada, parokia na vyumba vya intaneti vya kulipia viliweka sahani juu ya paa, zikielekea satelaiti iliyosimama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Umbali huo ndio uliokuwa tatizo, na hesabu yake ni rahisi. Ombi la kufungua ukurasa hupanda hadi satelaiti na kushuka upande wa pili, kisha jibu hupanda na kushuka tena: karibu kilomita 144,000 kwa jumla. Mawimbi yakienda kwa kasi ya mwanga, safari hiyo hula karibu nusu sekunde, na mitambo ya njiani huongeza kidogo. Kwa barua pepe hilo si kitu. Kwa video ni kizingiti, kwa sababu kompyuta inayotuma hupeleka fungu la data, husubiri ithibitishiwe kwamba limefika, ndipo ipeleke jingine. Fungu la kilobaiti 64, ambalo lilikuwa la kawaida kwenye kompyuta za miaka hiyo, likisubiri sekunde 0.6 kila mara, haliwezi kuvuka megabiti 0.9 kwa sekunde, hata kama hakuna mtu mwingine kwenye njia. Na watu wengine walikuwepo: chumba kizima kiligawana kilobiti mia chache kwa sekunde, zilizolipiwa kwa dola kila mwezi. YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na video yake ya mistari 480 huhitaji takriban megabiti 1.1 kwa sekunde. Mteja wa Butembo aliyelipia nusu saa angeweza kuimaliza yote akiwa ametazama dakika chache tu.

Mkongo wa baharini, yaani waya wa data unaopita chini ya bahari, ndio uliobadilisha mambo, na haukufika kwanza kupitia Kinshasa. Mkongo wa SEACOM ulitua Mombasa Julai 2009, TEAMS mwaka huohuo, EASSy mwaka uliofuata. Upande wa Atlantiki, Kongo iliunganishwa na mkongo wa WACS pale Muanda mwaka 2013 tu. Hata hapo, kati ya Kinshasa na Butembo kuna zaidi ya kilomita 1,600 za mstari ulionyooka, sehemu kubwa yake ikiwa ni msitu usio na barabara. Mombasa iko karibu zaidi, na Kampala iko karibu kilomita 370. Kwa hiyo data ya miji hii ilifuata njia ileile ya vitenge, mafuta na pikipiki: Mombasa, Nairobi, Kampala, mpaka wa Uganda. Mwaka 2017 Airtel, Facebook na kampuni ya BCS zilitangaza mkongo wa kilomita 770 kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambao ungeweza kufikishwa nchi jirani baadaye. Mkongo mwingine, wa takriban kilomita 2,000 ndani ya Kongo, ulitangazwa na kampuni ya Liquid na Facebook mwaka 2021. Huo ulielekea mpaka wa Rwanda, kusini mwa eneo la Butembo na Beni.

Njia ya nchi kavu ina udhaifu wake. Pale mkongo unapoishia, mnara hupokeza mnara kwa mawimbi kutoka kilima hadi kilima, na kila mnara wa mbele hutumia uwezo wa ule ulio nyuma yake. Jioni, wanafunzi na wachuuzi wanapofungua simu kwa pamoja, uwezo huo hugawanywa. Programu za video zimeundwa kuvumilia hali hiyo: filamu hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa kimeandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na simu huchagua kile ambacho mtandao unaweza kubeba. Ndiyo maana uso wa mwimbaji hugeuka madoa kabla haujasimama kabisa. Mistari 144 hupita mahali ambapo 480 haipiti. Ikiwa hata kipande kidogo hakifiki kabla ya kile kinachochezwa kwisha, ndipo duara huanza kuzunguka. Kampuni za video huweka nakala za filamu zinazopendwa kwenye kompyuta zilizo Nairobi au Kampala ili zisivuke bahari kila mara. Nakala hizo humfaa mtu wa Beni kwa kiasi tu, kwa kuwa bado kuna mpaka na safu ya minara mbele yake.

Minara nayo huhitaji dizeli, na dizeli huhitaji barabara. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni, mengi yakihusishwa na kundi la waasi la ADF, yamefanya barabara kadhaa za eneo hilo kuwa za hatari. Fundi aliyezuiwa kufika kwenye mnara kwa sababu ya shambulio na tangi la jenereta lililokauka huleta matokeo yaleyale mjini.

Bei pia huchagua kinachoonekana. Kampuni zimekuwa zikiuza vifurushi vya WhatsApp au vya mitandao ya kijamii peke yake, vya bei ndogo. Aliyenunua kifurushi cha aina hiyo hutuma ujumbe bila shida, lakini kiungo cha video alichotumiwa hakifunguki, na wengi hudhani mtandao ni mbovu.

Upande wa amri una tarehe zilizo wazi zaidi. Sheria ya mawasiliano namba 013/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliipa dola, katika kifungu cha 46, uwezo wa kuzuia matumizi ya mawasiliano, yote au sehemu, kwa ajili ya usalama wa umma au ulinzi wa taifa. Siku hiyohiyo sheria nyingine iliunda ARPTC, mamlaka ya kusimamia sekta. Kampuni inayotaka kubaki na leseni hutii. Mnamo Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulizimwa nchi nzima. Januari 2015, maandamano ya kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi yalipozuka, intaneti ilikatwa. Mabenki na ofisi zilirudishiwa baada ya siku chache, wenye simu walisubiri hadi Februari. Desemba 2016, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokuwa ukiisha, kampuni ziliagizwa kuzuia kubadilishana picha, video na sauti kwenye mitandao ya kijamii.

Amri ya Agosti 2017 ndiyo inayohusu zaidi jambo hili. ARPTC iliwaandikia watoa huduma ikiwataka wachukue hatua za kiufundi za kupunguza hadi kiwango cha chini kabisa uwezo wa kupitisha picha kwenye mitandao ya kijamii. Haikuomba kuzima. Iliomba polepole. Kiufundi hilo linawezekana: mashine ya kampuni hutambua data inaelekea wapi, kwa anwani au kwa jina la tovuti ambalo simu hulitaja inapoanza kuunganishwa, kisha huipa foleni nyembamba. Maandishi yanapita, picha zinachelewa, video zinakwama. Ubaya wa njia hii ni kwamba haiachi alama. Mtandao uliozimwa kila mtu anaujua na anaweza kuulalamikia. Uliopunguzwa kasi katika mji ambao tangu zamani una mtandao wa polepole hauwezi kuthibitishwa na mtu mwenye simu peke yake. Kinshasa, tofauti ingeweza kuonekana mara moja. Butembo, video iliyokwama Jumatatu ya amri ingefanana na ile ya Jumatatu iliyotangulia. Raia wa miji kama hii hudhulumiwa mara mbili, kwa kuwa hata ushahidi wa kuzuiwa hawana.

Kisha ukaja mwisho wa 2018. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti kutoka Mangina, karibu na Beni, na ilikuwa ikienea kuelekea Butembo na Katwa. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja ugonjwa na usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Tarehe 30, taifa lilipopiga kura, wakazi wa Beni walifanya kura yao ya ishara. Kesho yake intaneti na ujumbe mfupi vikakatwa nchini; mshauri wa rais, Barnabé Kikaya, alisema ni kwa ajili ya kuzuia matokeo ya uongo. Huduma ilirudi karibu siku 20 baadaye. Kwa eneo ambalo uvumi kuhusu Ebola ulikuwa ukiua kama ugonjwa wenyewe, kukata njia ambayo madaktari wangeitumia kuwajibu watu ilikuwa hatua ya kikatili. Ugonjwa huo uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020.

Watu hawakungoja. Vijana wenye kompyuta kando ya barabara huhamishia filamu na nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu kwa malipo kidogo, na kadi moja hupita mikono mingi. Wanaoishi karibu na Kasindi hutumia laini za Uganda, ingawa nazo zina amri zake: Kampala ilizima intaneti yote kwa siku kadhaa Januari 2021 na kuifunga Facebook. VPN, programu inayoficha data inaelekea wapi, hupenya kufuli la majina na anwani, lakini haiongezi upana wa njia.

Leseni za 4G zilizotolewa mwaka 2018 ziliongeza kasi mijini, bila kuondoa hata moja ya sababu mbili za video kukwama, yaani ubovu wa njia na amri. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikapungukiwa na intaneti. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, TikTok na X zikawa hazifunguki sehemu nyingi za nchi, na waliobaki Butembo na Beni walizikosa wakati walipohitaji zaidi kujua vita vinaelekea wapi. Sheria mpya ya mawasiliano ya Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, imeacha mkononi mwa dola uwezo wa kufunga.

Starlink, ambayo satelaiti zake huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, huondoa ucheleweshaji wa zile za zamani na haihitaji minara ya njiani. Kongo iliipiga marufuku Machi 2024 kwa hofu ya kutumiwa na waasi, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Sahani yake huhitaji umeme na pesa ambazo nyumba nyingi za Butembo hazina, na kwa kuwa sasa ina leseni, barua za ARPTC huifikia kama zinavyozifikia kampuni nyingine.