Tope Ndani ya Injini

Peugeot 404 ya marehemu babu ilichemka kwa mara ya tatu tukipanda kilima cha Bugando, mama akiwa kiti cha mbele. Mshale wa geji ulifika kwenye nyekundu, mvuke ukatoka chini ya boneti, na kijana wa bodaboda akatupita akipiga kelele: "Braza, peleka makumbusho hilo!" Mama hakucheka. Gari hilo ndilo lililompeleka hospitali siku aliponizaa. Baba zangu wadogo walikwisha kuamua liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikuwa nimewaomba mwezi mmoja.

Walikuwa na hoja yao. Walisema babu alilitesa gari lake: alikuwa mtu wa kuendesha, si wa kutunza. Neno hilo liliniuma kuliko uamuzi wenyewe.

Babu alilinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hakulichagua kwa bahati nasibu. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404. Gari lililoshinda kwenye matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanzania lingeweza pia kufika Magu na Musoma wakati wa masika.

Fundi niliyempata Nyakato alikuwa mzee anayezijua Peugeot tangu ujana wake. "Shikamoo mzee," nilimwambia. "Marahaba, mwanangu. Linachemka likiwa limesimama au likipanda mlima?" Likipanda, nilijibu. Akatikisa kichwa. Linalochemka kwenye foleni mara nyingi lina tatizo la feni. Linalochemka mlimani halipati maji ya kutosha pale penye moto.

Tulianza na vitu vya bei nafuu. Mfuniko wa rejeta kwanza, kwa sababu Mwanza ipo zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo na kukipandisha kiwango hicho. Uliolegea hukuacha na maji ya sufuria. Wetu ulikuwa mzima. Mkanda wa feni ulikuwa mzima. Rejeta ilipitisha maji vizuri. Feni ya gari hili huungwa na kuachiliwa kwa sumaku ya umeme, lakini mtu alikuwa amekaza skrubu zake tatu ili izunguke muda wote. Themostati haikuwepo kabisa.

"Unaona?" alisema baba mdogo nilipomweleza. "Alikuwa anang'oa vitu."

Siku iliyofuata mzee alifungua plagi ya kutolea maji ubavuni mwa bloku. Rejeta ilikuwa imejaa, lakini hapo halikutoka hata tone. Akachomeka waya, akachokoa. Likaanza kutoka tope la kahawia, laini kama uji, kisha mchanga. Slivu za injini hii huzungukwa na maji moja kwa moja. Tope lilikuwa limejaa chini yake, zaidi kwenye silinda ya nyuma, iliyo mbali na pampu.

"Haya ni maji ya ziwa," mzee alisema. "Ya miaka mingi. Sisi sote tuliyatumia."

Ndipo nikaanza kusoma injini ile kama daftari. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mtu wa Mwanza, Nairobi ilikuwa duka la vipuri. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari, na fedha za kigeni zikaenda vitani. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kukutwa na bidhaa adimu usiyoweza kuieleza kulitosha kukutia mashakani. Nani angethubutu kuuliza themostati kwa mlango wa nyuma?

Mzee alinieleza walivyofanya. Themostati ikigoma kufunguka, unaitoa. Kaboni ya feni ikiisha, unakaza skrubu. Rejeta ikivuja, unajaza kutoka dumu, na dumu unalijaza ziwani. Kila moja ilikuwa suluhisho la kufika nyumbani. Gharama ilikuja baadaye: injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto asubuhi, hula petroli, na husagika mapema. Leo vipuri vipo, lakini mafundi wengi bado hung'oa themostati ya gari linalochemka kabla ya kuuliza linachemka kwa nini. Nadhani dawa ya dharura ilirithishwa ikawa kanuni.

Tulisafisha bloku kwa siku 2, tukaweka themostati, tukajaza maji safi na kulanti. Jumapili nilipanda tena Bugando na mama. Mshale ulipanda kidogo, ukatulia.

Niliwaita baba zangu wadogo, nikawawekea tope lile kwenye kopo la rangi, nikawasimulia. Mdogo kabisa aliligusa kwa kidole. Alisema akiwa mtoto ndiye aliyekuwa akitumwa na dumu kuchota maji, na kwamba babu alikuwa akimwambia aache yatulie kwanza, achote ya juu. Alikuwa na haraka ya kucheza, akachota tu.

Habari ya chuma chakavu haikuzungumzwa tena siku hiyo.