Ndege wasiojua mipaka: chimbuko la mkataba wa Marekani na Kanada

Mwishoni mwa karne ya 19, ndege wa Amerika Kaskazini waliuawa kwa wingi ili kuuza nyama sokoni na manyoya ya kupamba kofia za wanawake. Yangeyange walipigwa risasi wakiwa katika viota vyao, na makinda yao yakafa kwa njaa.

Mwaka 1900 Marekani ilipitisha Sheria ya Lacey, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo ndege na wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 1903 Rais Theodore Roosevelt alikitenga kisiwa cha Pelican, huko Florida, kuwa hifadhi ya mwari. Ulinzi huo ulikuwa na gharama: mwaka 1905 mlinzi Guy Bradley aliuawa kwa risasi katika jimbo hilohilo.

Sheria ya mwaka 1913 iliipa serikali kuu mamlaka juu ya ndege wahamao, lakini majaji katika majimbo ya Arkansas na Kansas waliibatilisha, wakisema kuwa Katiba haikutoa mamlaka hayo. Mwaka 1914 njiwa msafiri wa mwisho, ambaye jamii yake iliwahi kufikia mabilioni, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati.

Njia iliyobaki ilikuwa mkataba na jirani, kwa kuwa bata wanaokaa Louisiana majira ya baridi huenda kutaga Kanada. Mkataba ulitiwa saini tarehe 16 Agosti 1916, Uingereza ikisaini kwa niaba ya Kanada. Kanada iliutungia sheria mwaka 1917, na Marekani mwaka 1918. Jimbo la Missouri lilipinga mahakamani, lakini mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba sheria hiyo ni halali.

Hata hivyo, mkataba ulikataza kuwinda bata na mabata bukini kuanzia tarehe 10 Machi hadi 1 Septemba. Kwa wenyeji wa asili wa kaskazini, hicho ndicho kipindi ambacho ndege hao hufika kwao. Waliruhusiwa kuwinda aina chache tu za ndege wa baharini kwa chakula. Itifaki ya mwaka 1995, iliyoanza kutumika mwaka 1999, ndiyo iliyotambua uwindaji wao wa jadi, zaidi ya miaka 80 baada ya mkataba kutiwa saini.