Kuganda

Damu huganda, maziwa huganda, na maji pia. Kwenye rejeta neno hili ladai uangalifu. Maji matupu huganda kwa nyuzi 0 za Selsiasi, yakatanuka kwa takriban asilimia 9, kiasi cha kupasua injini. Yakichanganywa nusu kwa nusu na ethilini glikoli, hayaanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Hata hapo hutoa chembe za barafu kwanza, yakawa kama uji. Ajabu, glikoli tupu huganda mapema zaidi, kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri! Kwa hiyo kuuita mchanganyiko huu kwa jina “kizuia mgando” kwaahidi mno; nachagua “kichelewesha mgando”. Na glikoli hii ni sumu tamu: tafadhali, usiiweke kwenye chupa ya soda.