Mkataba wa Kenya na Uingereza: Ushuru ulioondolewa na kitendawili kilichobaki mpakani

MKATABA wa biashara kati ya Kenya na Uingereza ulitiwa saini jijini London mnamo Desemba 8, 2020 na ukaanza kutekelezwa Machi 22, 2021. Chini yake, bidhaa za Kenya huingia katika soko la Uingereza bila kutozwa ushuru wa forodha na bila kuwekewa kikomo cha kiasi.

Mkulima wa Muthara, katika eneobunge la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, ana haki ya kuuliza mbona miraa yake haimo. Jibu ni kwamba miraa haikuzuiwa na ushuru bali na sheria ya jinai. Uingereza iliiorodhesha miongoni mwa dawa za kulevya Juni 24, 2014, baada ya Uholanzi kuchukua hatua kama hiyo mwaka uliotangulia. Marufuku hiyo ilitungwa London, wala si Brussels, hivyo kujiondoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya (EU) hakukuigusa. Wanaonufaika ni wakulima wa chai, kahawa, mishiri na parachichi, pamoja na mashamba ya maua ya Timau katika kaunti iyo hiyo.

Kwa nini Kenya ilikwenda peke yake? Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na kwa sababu hiyo bidhaa zao huingia Ulaya na Uingereza bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haimo katika orodha hiyo. Ilionja uchungu wake katika robo ya mwisho ya 2014, maua yake yalipotozwa ushuru Ulaya kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ilichelewa kukubaliana na EU. Kenya na Rwanda zilitia saini makubaliano hayo Septemba 2016, wengine hawakutia. Kipindi cha mpito cha Uingereza kilipokuwa kinakwisha Desemba 31, 2020, Nairobi haikutaka kungoja tena.

Lakini Kenya haina forodha ya peke yake. Tangu Januari 1, 2005, EAC ni umoja wa forodha: bidhaa kutoka nje hutozwa viwango vya pamoja, na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya huvuka mipaka bila ushuru. Kenya basi ilifunga ndoa peke yake ilhali boma ni la ukoo mzima. Itifaki ya umoja huo, katika kifungu cha 37, huruhusu mwanachama kuingia katika mkataba na nchi ya nje, mradi usikiuke itifaki na wenzake waarifiwe. Februari 27, 2021, mkutano wa marais wa EAC uliafiki kwamba nchi zilizo tayari ziendelee na mazungumzo na EU na nyingine zifuate baadaye. Mkataba wa Uingereza nao umeacha mlango wazi kwa wanachama wengine kujiunga.

Ugumu uko Busia, Malaba na Namanga. Mtambo wa Uingereza ukiingia Mombasa kwa nafuu ya Kenya kisha ukavushwa hadi Uganda, utalipiwa ushuru wa nani? Kisheria, nafuu hiyo haivuki mpaka. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ulioanza 2014, shehena ya Uganda hukadiriwa na kulipiwa ushuru wa Uganda ingali Mombasa. Bidhaa inayodaiwa kutengenezwa Kenya huhitaji cheti cha asili. Yenye thamani isiyozidi dola 2,000 hutumia cheti kilichorahisishwa. Karatasi hizo hukaguliwa katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile cha Busia kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na cha Namanga kilichofuata Desemba mwaka huo. Kinachosumbua ni njia za panya, ambako hakuna wa kuuliza cheti.

Uingereza yenyewe ina kitendawili hicho hicho. Mpaka wa Ireland, wenye urefu wa takriban kilomita 500, hauna vizuizi, kwa hivyo ukaguzi ulihamishiwa baharini, kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Wafanyabiashara walilalamika. Makubaliano ya Windsor ya Februari 2023 yakaleta njia mbili kuanzia Oktoba mwaka huo: ya kijani kwa bidhaa zinazobaki Ireland Kaskazini, na nyekundu kwa zile zinazoweza kuingia EU. Baadhi ya nyama na maziwa hubandikwa lebo kwamba si za kuuzwa EU. EAC haina lebo ya namna hiyo.

Kufikia sasa tofauti haijawa kubwa mpakani, kwa kuwa Kenya ilipewa muda. Chini ya mkataba, itafungua asilimia 82.6 ya soko lake kwa bidhaa za Uingereza katika kipindi cha miaka 25, na baadhi ya mazao ya kilimo yameachwa nje. Zinazoingia bila ushuru tangu mwanzo ni zile ambazo viwango vya EAC tayari vilikuwa sufuri. Kupunguza ushuru wa nyinginezo kumepangwa kuanza miaka saba baada ya mkataba kuanza, yaani 2028. Kuanzia hapo afisa wa forodha wa Busia atakuwa na viwango viwili vya kulinganisha kwa bidhaa moja.