Ngoma na afya ya wazee wetu: watafiti wamegundua nini?

Katika vijiji vingi vya Kilifi na Kwale, mzee akianza kurudia swali lile lile mara tano, au akitoka usiku na kupotea katika njia aliyoizoea tangu utotoni, watu huanza kunong'ona. Sote tunajua minong'ono hiyo huishia wapi. Wazee wameuawa hapa Pwani kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamehama makwao kuokoa roho. Ndiyo maana mimi hufuatilia kwa hamu tafiti kuhusu demensia, ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu kumbukumbu, hasa zile zinazotaja kitu ambacho sisi tunacho tele: ngoma.

Utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine. Daktari Joe Verghese na wenzake wa New York waliwafuatilia wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75, ambao hawakuwa na demensia walipoanza. Kwa wastani walifuatiliwa miaka mitano hivi, na 124 kati yao wakaja kupata ugonjwa huo. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo kama drafti na karata, au wakipiga ala za muziki, walipatwa kwa uchache zaidi. Katika shughuli za mwili, zikiwemo kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli, ni dansi peke yake iliyoonekana kuhusiana na kinga hiyo.

Hapo ndipo yalipotoka madai yanayosambazwa sana kwenye simu zetu, kwamba kucheza hupunguza demensia kwa asilimia 76. Takwimu hiyo imo kweli katika utafiti, lakini isisomwe kama dawa iliyopimwa. Watafiti hawakumwambia mtu yeyote acheze au asicheze. Waliangalia tu nani alikuwa akicheza. Huenda mtu ambaye ubongo wake umeshaanza kudhoofika kimyakimya ndiye anayeacha dansi kwanza, kabla hata ya jamaa zake kutambua.

Jaribio lenyewe tunalipata Magdeburg, Ujerumani, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2017. Wazee waligawanywa makundi mawili kwa miezi 18. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kawaida ya pumzi, nguvu na kunyoosha viungo, tena yale yale kila mara. Kundi la pili lilifundishwa dansi, na hatua zikawa zinabadilishwa kila baada ya muda mfupi ili wasizizoee. Picha za ubongo zilionyesha kwamba hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu, ilikua katika makundi yote mawili. Lakini waliopata nafuu katika kusimama imara bila kuyumba ni wale wa dansi tu. Waliomaliza jaribio walikuwa 26, idadi ndogo, kwa hivyo tusishangilie mno.

Mimi lililonivutia ni lile la kubadilisha hatua. Bibi aliyecheza sengenya tangu ujana wake hahitaji kukumbuka chochote. Miguu inajua yenyewe. Jasho atapata, na moyo utafaidi, ila ubongo haufanyi kazi mpya. Huyo afadhali ajifunze mwanzele kwa jirani, au wajukuu wamfundishe za kwao, hata kama nyimbo zao humuudhi.

Faida nyingine inatokana na kucheza pamoja. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na vijana 264 nchini Brazil. Waliwapima uwezo wa kuvumilia maumivu kwa kuwabana mkono na ule mkanda wa kupimia presha. Waliocheza kwa nguvu walivumilia zaidi, na waliocheza kwa mwendo mmoja na wenzao pia walivumilia zaidi na kujihisi karibu na kundi lao. Mekatilili wa Menza hakuhitaji mkanda huo. Mwaka 1913 alitumia kifudu kuwakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza.

Kuhusu moyo, takwimu za zaidi ya watu 48,000 wa Uingereza wenye miaka 40 na kuendelea zilionyesha kwamba waliocheza dansi ya kutoa jasho kidogo walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wasiocheza. Huo nao ni ufuatiliaji, si jaribio. Na kuna habari isiyopendeza: huko Sydney, Australia, wazee 530 katika makao 23 walishirikishwa katika jaribio la mwaka mzima, na waliofundishwa dansi hawakuanguka kwa uchache kuliko wenzao. Kwa mzee ambaye tayari huangukaanguka, basi, ngoma isiwe ndiyo tegemeo. Anahitaji mazoezi maalumu ya miguu na mizani ya mwili.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya chakacha jioni, siku tano, inatosha. Mwenye presha aulize daktari kwanza na asiache vidonge. Mwenye kisukari aangalie miguu: ngoma zetu nyingi huchezwa pekupeku, na ugonjwa huo hutia miguu ganzi, hivyo mtu anaweza kukanyaga mwiba au kigae asihisi mpaka kidonda kimeoza. Avae viatu vilivyofunika vidole, na akirudi nyumbani akague nyayo.

Na mzee aliyeanza kusahau apelekwe kliniki mapema, hata kama anacheza kila Jumamosi. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, hata maambukizi ya njia ya mkojo, yote huweza kumfanya aonekane amechanganyikiwa, na yote yana matibabu.