RUZUKU NA KIPIMO CHAKE

Mchele wa Ifakara hupimwa kwa debe au kwa mizani, na muuzaji na mnunuzi wakaachana kwa amani. Lakini kazi ya mzee amfundishaye kijana kupiga ngoma ya sangula tutaipima kwa nini? Na mama amfundishaye binti yake kusuka ukili mpaka ukawa mkeka, tutampimia kwa debe gani?

Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, kwa muda wa karibu miaka 100 ndilo lililoamua fedha za umma za mafunzo zimfikie nani na zimpite nani katika bonde la Kilombero, na katika nchi nzima. Hebu tulifuate katika historia.

Ruzuku ya mkoloni

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika, Dkt. James Aggrey, ilizuru Afrika Mashariki kutazama hali ya elimu. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa waraka juu ya siasa ya elimu katika makoloni yake ya Afrika. Ukiusoma waraka ule utastaajabu, kwani wasema kwamba elimu ifuatane na mila na kazi za wenyeji, na yaliyo mema katika mila hizo yahifadhiwe.

Maneno mazuri. Lakini fedha hazifuati maneno, fedha hufuata masharti. Waraka huohuo uliridhia shule za misheni zipewe ruzuku, na kanuni zilizotungwa Tanganyika zikatazama zaidi mambo ya aina hii: je, shule imeandikishwa? Mwalimu ana cheti? Mkaguzi ameridhika?

Katika nchi ya Ulanga, ambayo Ifakara ilikuwa sehemu yake, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika nchini mwaka 1921. Hao walikuwa na watu wa kuandika hesabu na kujibu barua za serikali, basi ruzuku iliwafikia. Chuo cha Kurani hakikuingia katika hesabu hiyo, kwa kuwa mafundisho ya dini peke yake hayakuwa na fungu. Wala hakuingia mzee wa Kindamba aliyejua mti upi wafaa mtumbwi, na namna ya kuuchonga usipasuke. Mzee huyo alikuwa na wanafunzi, tena waliofuzu, kwani mitumbwi yao ilielea mtoni. Lakini mbele ya kanuni hakuwa mwalimu.

Waraka ulimsifu na kanuni ikamkana.

Ngoma yapanda jukwaani

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walijifunza kucheza dansi za kigeni, na ngoma za kwao wakazionea haya. Hapo ngoma ilipata heshima ya kuwa na wizara.

Wizara ikaunda kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye vikundi vya sarakasi na maigizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi hivyo vilivunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kuunda Baraza la Sanaa la Taifa. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini tazama, kipimo kilikuwa kimegeuka kikawa jukwaa. Kilichofanywa vizuri mbele ya wageni ndicho kilichoonekana. Kikundi kilitumbuiza mjini, na chuo kilikuwa kimoja, huko pwani. Aliyemfundisha mtoto sangula uani kwake, mbali na reli ya TAZARA, alibaki pale kanuni ya mkoloni ilipomwacha.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilijaribiwa. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Waliwauliza wanakijiji ni jambo gani linalowaumiza, nao wakataja matatizo ya vijana, na mabinti kupata mimba wakiwa bado shuleni. Kisha wakalitengenezea maigizo kwa sanaa zao wenyewe, ikiwamo ngoma ya wigashe. Taasisi ya umma ilikwenda kwa mwenye sanaa, badala ya kumngoja aje na cheti.

Mfuko na andiko

Mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya Sera ya Utamaduni kutoka, Serikali pamoja na Sweden walianzisha Mfuko wa Utamaduni Tanzania. Hiyo ilikuwa ruzuku hasa: kikundi huomba, hupimwa, hupewa. Wengi walinufaika. Lakini mwombaji hupeleka andiko, lenye makisio na mpangilio wa kazi. Bibi msusi wa mikeka aweza kukueleza kwa saa nzima jinsi ukindu unavyochaguliwa, unavyokaushwa na kutiwa rangi. Andiko hana.

Katika miaka hii ya 2020 Mfuko umefufuliwa kwa sura ya mikopo kwa wasanii. Na halmashauri zetu, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, hutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo wamfaa mwenye kuuza mikeka. Lakini mwenye kufundisha kuisuka atalipa kwa kitu gani? Somo halina bei sokoni. Kulitaka lirudishe fedha ni kupima maji kwa tenga.

Je, vipimo vifutwe?

Mtu aweza kusema, basi fedha zitolewe bila kuulizana. La! Fedha ya umma ni amana, na amana isiyohesabiwa huliwa na wenye meno makali. Na bonde hili lenyewe lina mfano wa kipimo kilichonyooka. Ifakara ina maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, iliyoanzishwa na Waswisi. Mwaka 1997, kwa fedha za Serikali ya Uswisi na ya Tanzania, ulianza mpango wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wengi walizoea jina lake la biashara, Zuia Mbu. Wataalamu hawakutosheka na kuhesabu vyandarua vilivyouzwa. Walihesabu watoto walio hai. Mwaka 2001 walitangaza kwamba vyandarua hivyo viliongeza kunusurika kwa watoto wadogo kwa sehemu 27 katika 100. Kipimo kililingana na lile lililokusudiwa.

Basi katika mafunzo ya sanaa lililokusudiwa ni nini? Si andiko, wala jukwaa, wala marejesho. Ni ujuzi utoke katika mikono ya huyu uingie katika mikono ya yule. Kama baada ya miaka miwili binti aliyefundishwa aweza naye kumfundisha mwenziwe, ruzuku imefika. Kama hawezi, hata picha zikiwa nyingi namna gani, haikufika.

Kipimo hiki si kigeni kwetu. Wazee wa mwambao waliweka nyumba au shamba kuwa wakfu. Mali yenyewe haikuguswa, na pato lake likamtunza mwalimu wa chuo. Mwekaji hakuomba arudishiwe, ila alitaka mafundisho yasikatike. Ekari chache za mpunga zikitengwa na kijiji, na mavuno yake yakamtunza fundi wa ngoma au wa ukili, zitakuwa zimefanya jambo lilelile, na ruzuku ya halmashauri ikija itakuta msingi wa kusimamia.

Ndugu msomaji, yawezekana wewe ni diwani, au mwalimu, au mjumbe wa kamati inayogawa fedha hizo. Siku makaratasi yatakapowekwa mezani kwako, uliza kwanza ni fundi gani wa mtaa wako ambaye karatasi yake haimo. Kisha inuka uende kwake, kwa kuwa fundi mzee hangoji kikao kijacho, na akizikwa, ujuzi wake hauna wa kuurithi.