Chai ya Mbegu, Chai ya Kisu

Ukisimama mlimani huku kwetu Konoin, kaunti ya Bomet, ukaitazama chai inavyoteremka hadi mtoni, utaona mashamba ya namna mbili. Kuna yale ya kijani kimoja kuanzia juu hadi chini. Kuna na mengine yenye mabaka: mti huu una majani mapana yaliyoinama, wa pili wake una majani membamba yanayoelekea juu, wa tatu ni wa kijani cha manjano, wa nne umechelewa kuchipua wakati wenzake wameshachunwa. Haya ya mabaka ndiyo chai ya mbegu. Yale ya kijani kimoja mimi huyaita chai ya kisu, kwa kuwa kila mti ulikatwa kwenye mti mwingine, na huo nao ulikatwa kwenye mwingine, hadi ufike kwa mti mmoja uliochaguliwa na mtu.

Nafundisha kilimo katika shule ya sekondari, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi katika mashamba ya mabaka kwanza. Wazazi wao wengi wanataka kuyang'oa. Nawaelewa, kwa sababu chai ya mbegu ina mavuno madogo na bonasi, malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani, huhesabiwa kwa kilo. Lakini karibu kila kitu kizuri kilichotoka katika utafiti wa chai Kericho kilianzia katika mashamba ya aina hiyo, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mbegu zenyewe asili yake ni Assam, India. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, lakini Kericho ilisubiri miongo miwili zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi ya Wakipsigis na kuwapa maafisa wa Uingereza walioumia vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Madai ya ardhi ile hayajaisha hadi leo. Wenyeji waliichuna chai kwa miongo mitatu bila ruhusa ya kupanda hata mti mmoja nyumbani kwao. Ni baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mashamba madogo ya Waafrika yalianza kukubaliwa kwa upana.

Chai haipendi kujichavusha yenyewe. Chavua hutoka kwenye mti mwingine, kwa hiyo mbegu kumi za mti mmoja huzaa miti kumi isiyofanana. Kwa meneja wa shamba hilo lilikuwa kero: majani hayakomai pamoja, kiwandani hayachachi pamoja. Kwa mtafiti ilikuwa mali. Mwaka 1951 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, makao yake Kericho, ikihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Shamba lake la Timbilil liko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 taasisi ilikosa wenyewe, na mwaka 1980 Kenya ikaunda wakfu wake wa utafiti wa chai. Sheria ya mwaka 2013 iliuweka chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Majina yamebadilika, miti imebaki palepale.

Kazi ya mwanzo ilikuwa ya miguu. Mtafiti alipita katikati ya chai ya mbegu akitafuta mti uliojaa machipukizi kuliko majirani zake, wenye afya, usiokimbilia kutoa maua. Akiupata, aliutia alama na kuupima tena na tena. Ipo njia moja ya kupima ubora ambayo wanafunzi wangu huipenda sana: jani huwekwa kwenye chombo chenye mvuke wa klorofomu, kisha unatazama linavyobadilika rangi. Likigeuka haraka kuwa rangi ya shaba, mti huo unachacha vizuri na utatoa chai nyeusi yenye nguvu. Likibaki kijani, mti huo hata ukizaa vipi haufai kwa chai nyeusi. Baada ya hapo huanza miaka ya majaribio katika maeneo na miinuko mbalimbali. Kutoka siku mti unapotiwa alama hadi mkulima apewe mche, miaka 20 hupita kwa urahisi. Mtafiti huweza kustaafu kabla mti wake haujatoka.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana aina iitwayo 6/8, ambayo ladha yake ndiyo kipimo ambacho aina nyingine za Kenya hulinganishwa nacho. Wakulima kwetu huziita aina hizi kwa namba, kama wanavyowaita watu kwa majina: 31/8 iliyoenea kwa wakulima wadogo, 35 ya Brooke Bond, S15/10 ya kampuni ya African Highlands. Hiyo S15/10 iliwahi kutoa kilo 10,995 za chai iliyosindikwa kwa hekta moja katika mwaka mmoja, rekodi iliyotajwa dunia nzima.

Mti bora ukiwa Timbilil peke yake haumsaidii mtu wa Mogogosiek, huku Konoin. Kilichoufikisha kwetu ni kipande cha shina chenye urefu wa kama inchi moja na nusu. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ilipoundwa mwaka 1964, miche mingi bado ilikuwa ya mbegu, na ilikaa kitaluni miaka miwili hadi mitatu kabla ya kung'olewa, kukatwa na kupandwa shambani. Kisha watafiti wakaimarisha njia ya vipandikizi, na hata mwanamke mwenye kisu kikali na robo ekari ya kitalu akaweza kuzalisha miche elfu na elfu.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, alikata tawi refu la mti wa mama na kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kisha alilikatakata: jani moja na jicho moja kila kipande, mkato wa juu ukiinama karibu kabisa na jicho, bila kuligusa. Mifuko ya nailoni, iliyo wazi juu na chini, aliijaza udongo wa namna mbili. Chini aliweka udongo wa juu uliochanganywa na mbolea ya fosfeti. Juu aliweka vidole vinne vya udongo mwekundu wa chini, ule usio na mboji, maana kipandikizi kisichokuwa na mizizi kikikutana na mboji huoza. Chai hutaka udongo wenye asidi, na ule mwekundu unayo. Akishapanda alimwagilia, akafunika kitalu chote kwa karatasi ya nailoni na kufukia kingo zake kwa udongo, kisha marufuku ikaanza. Kwa majuma mengi hakuna aliyeruhusiwa kufunua. Sisi watoto tulitazama matone yakijikusanya ndani ya nailoni, yakiteleza na kurudi udongoni. Alipoanza kufunua, alifunua kidogo kidogo, upande mmoja kwanza, ili miche izoee hewa.

Mama hakupita darasa la nne. Alifuata maelekezo ya afisa wa ugani neno kwa neno, na kwa hiyo nasema bila kusita kwamba utafiti wa Timbilil ulikamilika mikononi mwa watu kama yeye.

      

Lakini mimea kufanana kuna hatari yake, na mfano ni mahindi. Septemba 2011, huko Longisa, upande wa chini wa kaunti yetu, mahindi yalianza kuwa ya manjano na kukauka yakiwa bado yanabeba. Ulimenya gunzi ukakuta punje chache au hakuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuripotiwa Kenya: virusi viwili, kimoja cha mahindi na kimoja cha miwa, vikikutana katika mmea mmoja huuua. KALRO na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, walijenga mwaka 2013 shamba maalumu la majaribio Naivasha. Walipozijaribu mbegu zilizokuwa sokoni, karibu zote zilianguka. Sehemu kubwa ya ukinzani dhidi ya kirusi kile cha mahindi ilipatikana katika mistari ya mahindi iitwayo KS23, asili yake Thailand. Mkulima wa Longisa anayevuna leo anadaiwa shukrani na watu wa mbali waliotunza mbegu ambayo hawakujua itamfaa nani.

Chai yetu nayo imeanza kufanana. Nyingi ya kloni (miti iliyozalishwa kwa vipandikizi vya mti mmoja) zilizotolewa Kericho zina damu ya 6/8 ndani yake, kwa sababu mzalishaji yeyote wa mimea hupenda kurudi kwa mzazi mzuri. Mashamba ya kijani kimoja yanaongezeka pia kwa sababu mashine za kuchuna hutaka machipukizi yaliyo sawa. Chai ya zambarau, 306, iliyotolewa mwaka 2011 baada ya takriban miaka 25 ya kazi, ilionyesha bado kuna mengi yaliyofichika katika ukoo wa Assam. Rangi yake inatokana na anthosianini. Wakulima waliikimbilia kabla viwanda vya kuisindika havijatosha, na baadhi yao waliumia. Kosa halikuwa la mti.

Mwaka 2010 Samson Kamunya na wenzake walichapisha ramani ya vinasaba vya chai kutokana na uzao wa S15/10 na SFS150, kloni ya Malawi inayosifika kwa kustahimili ukame. Ramani za namna hiyo zinaweza kupunguza miaka ya kusubiri, kwani mtafiti anaweza kuchuja miche ikiwa bado michanga. Lakini vinasaba anavyovitafuta lazima viwe katika mti ulio hai. Kloni hazitampa kitu zisichokuwa nacho.

Kwa hiyo kabla hujaleta jembe, ngoja kiangazi cha Januari hadi Machi. Tembea katika chai yako ya mbegu adhuhuri na utafute mti ambao majani yake hayajaungua wakati jirani zake wamekuwa kahawia. Ufunge kitambaa. Mwite afisa wa ugani, au peleka habari Timbilil, na mvua zikianza ukate vipandikizi vyake hata kama utaamua kuung'oa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameanza daftari la miti ya aina hiyo katika mashamba ya wazazi wao: mahali ulipo, sura ya jani, ulivyokuwa kiangazi, ulivyochipua baada ya kupogolewa. Mzazi mmoja karibu na Kapset amekubali kuacha mistari miwili ya chini ibaki, na sasa ananiuliza kama taasisi itamlipa kwa kuitunza. Naona ana haki ya kuuliza, na swali lake nimelipeleka kwa afisa wa ugani.